Mgongo wa binti huyu: Je, ni ajali iliyoupinda?

BARUA iliyonifikia majuzi kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, ina kurasa nne, na tatu kati ya hizo zimejaa lawama za watu wa nyumba moja. Mama aliyeiandika ameomba jina lake lisichapishwe, nami nitalihifadhi. Kwa kuwa nafasi yetu ni ndogo, nitaifupisha.

Jumatatu ya Pasaka mumewe alikuwa akiwarudisha nyumbani kutoka Nakuru. Kabla ya kufika Naivasha, lori lililokuwa likilipita jingine liliwajia uso kwa uso. Baba akalikwepa, gari likaingia mtaroni. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyefariki. Baba alichanika kipaji cha uso, mama akateguka kifundo cha mkono. Binti yao wa miaka 13, aliyekuwa kiti cha nyuma, alilalamikia kifua na mgongo. Hospitalini alipigwa picha ya eksirei ya kifua, wazazi wakaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, akapewa tembe za kutuliza maumivu. Baada ya wiki mbili alikuwa akiruka kamba na wenzake.

Ikafika Agosti. Fundi wa nguo aliyekuwa akimpima rinda la kuvaa kwenye arusi ya shangazi yake akasema, "Mama, mbona pindo halitaki kukaa sawa? Bega hili limepanda." Jioni hiyo mama akamwita binti yake chumbani, akamvua blauzi na kumtazama kwa nyuma. Bega la kulia lilikuwa juu, kombe la bega limechomoza kama bawa la kuku, na kiuno kimebonyea upande mmoja. Picha mpya ya eksirei ikaonyesha kuwa uti wa mgongo umepinda kuelekea kulia, katika sehemu ya kifua, kwa digrii 28.

"Tangu siku hiyo nyumba yetu haina amani," anaandika. "Ndugu zangu wanasema mume wangu ndiye aliyemlemaza mtoto kwa kukimbiza gari. Mama mkwe anasema kosa ni langu, kwa kuwa sikumpeleka mtoto kukandwa baada ya ajali. Mume wangu hali, halali. Kuna jamaa yetu afanyaye kazi kwa wakili ambaye ametushauri tusianze matibabu hadi kesi dhidi ya mwenye lori iishe, ili hakimu auone mgongo jinsi ulivyo. Nieleze kwa lugha rahisi: je, ile ajali ndiyo iliyompinda mtoto wangu? Na je, tungoje?"

Mama, nitaanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo lenye haraka. Msingoje. Sababu nitazieleza hapo mbele, lakini ukisoma aya hii kisha ukaitwa jikoni, hilo moja ulishike.

Sasa swali la kwanza. Ajali ya gari yaweza kupinda uti wa mgongo, ila kwa njia chache zinazojulikana, na kila njia huacha alama zake. Katika barua yako sizioni alama hizo. Sijampima mtoto kwa mikono yangu, lakini kwa yale uliyoandika naamini binti yako aliingia katika gari hilo mgongo wake ukiwa tayari umeanza kupinda, bila yeye wala nyinyi kujua.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, moja juu ya nyingine: saba shingoni, 12 kifuani ambako mbavu hushikilia, tano kiunoni, na chini yake mfupa wa nyonga na kifandugu. Ukimtazama mtu kwa ubavuni utaona mgongo una mawimbi, ndani kidogo shingoni, nje kidogo kifuani, ndani tena kiunoni. Hayo ni maumbile. Lakini ukimtazama kwa nyuma, pingili hizo zapaswa kupangika kama mstari wa timazi ya mwashi. Zikienda upande, na papo hapo zikajisokota kama ngazi ya mnara, madaktari husema mtu ana skoliosisi. Kipimo chake huchukuliwa juu ya picha ya eksirei kwa njia aliyoieleza daktari wa Marekani, John Cobb, mwaka wa 1948, na pindo la chini ya digrii 10 halihesabiwi kuwa ugonjwa.

Kujisokota huko ndiko kunakosukuma mbavu za upande mmoja nyuma, hata kombe la bega likachomoza. Kumbuka jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Katika kila vijana 100, wawili au watatu wana pindo la namna hii, na kwa wengi wao chanzo hakijulikani. Huonekana zaidi katika familia fulani kuliko nyingine. Hutokea kati ya miaka 10 na 16, wakati mtoto anaporefuka kwa kasi, yaani ule wakati unaponunua sketi ya shule Januari na ikifika Agosti imepanda juu ya magoti. Mapindo madogo huwapata wavulana na wasichana karibu sawa, lakini yale makubwa huwaelemea sana wasichana. Aghalabu hayaumi. Mtoto huoga peke yake, huvaa peke yake, shati la shule limempwaya, na mama aliyekuwa akimsugua mgongo kila jioni ana miaka minne hajauona. Ndiyo maana anayeligundua pindo ni fundi wa nguo, au mwalimu wa kuogelea, au daktari aliyekuwa akitafuta kitu kingine. (Na wazazi wanaoniandikia kuhusu mikoba mizito ya vitabu watulie: mkoba huo waweza kumchosha na kumuumiza mtoto mabega, lakini hausababishi skoliosisi.)

Msichana wa miaka 13, pindo la kifua, kuelekea kulia, bila maumivu: hii ndiyo sura ya kawaida kabisa ya maradhi haya. Pindo la kifua likielekea kushoto, daktari huwa na sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Lawama hii ya ajali haikuanzia Umoja, wala haikuanza na magari ya petroli. Katika karne ya 19 aliishi Uingereza daktari mmoja aliyeitwa Gideon Mantell, mwenyeji wa mji wa Lewes, Sussex. Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu huenda wamekutana na jina lake katika habari za dinosau, kwani ndiye aliyeutangazia ulimwengu mwaka wa 1825 habari za mnyama wa kale aliyemwita Iguanodon, baada ya kuchunguza meno yake yaliyogeuka mawe. Mnamo Oktoba 1841, akiwa amehamia London, Mantell alipata ajali ya gari la farasi huko Clapham Common akaanguka vibaya. Tangu hapo mgongo haukumpa raha. Miguu ilikufa ganzi, maumivu yakawa ya usiku na mchana, na kando ya kiuno, upande wa kushoto, ukajitokeza uvimbe mgumu. Yeye mwenyewe alikuwa daktari na marafiki zake walikuwa madaktari, lakini hakuna aliyeutambua. Ilidhaniwa kuwa ni uvimbe wa maradhi, au jipu la ndani. Akawa mtu wa kunywa dawa za afyuni ili apate usingizi, na mnamo Novemba 1852 akafariki baada ya kunywa kupita kiasi.

Maiti yake ilipopasuliwa, hapakuwa na jipu. Palikuwa na uti wa mgongo uliopinda upande na kujisokota sana, na pembe za pingili za kiuno zilikuwa zimezunguka zikaisukuma misuli kwa nje. Uvimbe uliopapaswa kwa miaka kumi ulikuwa mgongo wake mwenyewe! Daktari aliyeueleza, William Adams, alistaajabia jambo moja: kwa nje, mstari wa vifundo vya mgongo haukuonyesha kombo kubwa kama ile iliyokuwa ndani. Mwaka wa 1865 Adams alichapisha mihadhara yake juu ya migongo iliyopinda, na kile kipimo cha kumwinamisha mgonjwa mbele ili pindo lililojificha lijitokeze bado kina jina lake hadi leo.

Mgongo wa namna hiyo, uliojisokota na mifupa yake ikabadili umbo, hujengeka kwa miaka mingi. Ajali ile yaweza kuwa ilimwamshia Mantell maumivu yaliyokuwa yamelala, hilo silikatai. Lakini mtu akianguka leo na kesho akaona kombo, ni rahisi mno kuviunganisha viwili hivyo kwa uzi mmoja. Siku ya ajali hukumbukwa na kila mtu. Siku ambayo mgongo ulianza kupinda haina anayeijua.

Kipimo cha Adams chaweza kufanywa nyumbani na kila mzazi, wala hakihitaji senti. Mtoto asimame miguu peku, visigino pamoja, magoti yamenyooka, mgongo wazi. Ashikanishe viganja na kuinama polepole kama anayetaka kugusa vidole vya miguu. Wewe keti nyuma yake, macho yako yawe sawa na mgongo wake. Ukiona upande mmoja wa mbavu au wa kiuno umepanda kama tuta la viazi na mwingine umelala, mpeleke hospitali. Fanya hivyo kila likizo ya shule kuanzia miaka 10.

Sasa nirudi kwenye zile njia ambazo ajali hupinda mgongo kweli.

Ya kwanza ni kuvunjika kwa pingili. Gari linapogonga au kupinduka, mwili hukunjwa kwa nguvu, na pingili iliyo pale kifua kinapokutana na kiuno hubanwa kama mkate uliokaliwa. Sehemu ya mbele ikisagika na ya nyuma ikabaki, mgongo huinama mbele na kufanya kibiongo. Ubavu mmoja wa pingili ukisagika zaidi, mgongo huenda upande. Kombo ya namna hii huwa fupi na kali, mahali pamoja, na pingili yenyewe huonekana kwenye picha imekuwa kama kabari ya mlango. Huuma tangu siku ya kwanza. Mtu aliyevunjika hivyo haruki kamba baada ya wiki mbili. Mapindo ya skoliosisi ya ujana huwa marefu, yamegawana pingili nyingi, na hakuna hata moja iliyovunjika.

Kuna mvunjiko mmoja ambao wazazi wa watoto wadogo wanapaswa kuujua. Mkanda wa usalama unaopita mapajani tu, kama mingi tuliyoiona katika matatu tangu kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, ukikaa juu ya tumbo la mtoto badala ya nyonga, mwili wake wote hujikunja juu ya mkanda huo na pingili hupasuka kutoka nyuma. Matumbo nayo huweza kuumia. Mtoto aliyetoka katika ajali akiwa na mchubuko wa mkanda tumboni asirudishwe nyumbani kabla ya mgongo na tumbo kuchunguzwa, hata kama anasema hana neno. Asisikie mtu hapa kwamba mikanda ni mibaya. Asiyeufunga hurushwa nje ya gari, na huyo hana hata nafasi ya kuja kulalamikia mgongo. Ufungwe chini, juu ya mifupa ya nyonga.

Njia ya pili ndiyo nzito kuliko zote. Ndani ya pingili hupita uzi mnene wa mishipa ya fahamu. Mtoto akiumia uzi huo katika ajali na kupooza kabla hajamaliza kukua, misuli inayoushikilia mgongo kama kamba za hema haina nguvu tena, na mgongo huanza kulala upande. Karibu watoto wote wa namna hii hupata pindo, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya ajali. Kwao hapana ubishi juu ya chanzo. Nawasihi walezi wa watoto hao wasichoke kuwarejesha hospitalini kila baada ya miezi michache, hata kidonda kikiwa kimepona zamani, kwa kuwa pindo hilo huja kimya.

Ya tatu ni ya mguu. Mfupa wa paja uliovunjika ukaunga vibaya huwa mfupi, nyonga hushuka upande huo, na mgongo hujipinda ili kichwa kibaki sawa. Mtu huyo akiketi juu ya kigoda, nyonga zikawa sawa, mgongo hunyooka. Dawa yake huanzia kwenye kiatu. Na ya mwisho ni misuli kukaza kwa maumivu: mtu hutoka ajalini amelala upande kama mnazi wa ufuoni, akatisha watu, kumbe mifupa haina kasoro. Hudumu siku au wiki chache, huisha misuli ikilegea, wala mbavu hazisukumwi nyuma kwa sababu pingili hazikujisokota.

Kabla sijaiacha sehemu hii, nina neno moja kwa wasomaji wote, kwani kosa hili hunitia uchungu kuliko yote. Mtoto anaota kibiongo. Bibi anakumbuka kwamba mwaka jana alianguka kutoka mwembeni, au aligongwa na baiskeli, au alikuwa katika matatu iliyoruka tuta. Basi inasemwa ni ile ajali, anapelekwa kwa mkandaji, na miezi inapita. Kumbe ni kifua kikuu cha mifupa! Viini vya maradhi hayo hutoka mapafuni na kusafiri kwa damu hadi kwenye pingili, zikalika kwa mbele hadi zikaporomoka, na mgongo ukatoa nundu yenye ncha. Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliyaeleza maradhi haya mwaka wa 1779, na alama zake zimeonekana hata katika maiti za kale zilizokaushwa huko Misri. Mgonjwa huenda hakohoi hata kidogo. Angalia mgongo unaouma usiku, homa za jioni, jasho la kulowesha shuka, kukonda, mtoto anayekataa kuinama na badala yake huchuchumaa akiokota kitu. Miguu ikianza kulegea au mkojo ukimpotea, hapo hata kesho ni mbali. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali nchini Kenya, na hunywewa kwa miezi mingi bila kuruka siku. Mkandaji anayelibonyeza tuta hilo kwa goti anaweza kumpoozesha mtoto.

Kwa hiyo, mama, lile la mkwe wako lisikusumbue. Kutomkanda binti yako siku zile ulipokuwa hujui kama amevunjika ulifanya vyema. Hali kadhalika, wanaofika kwanza penye ajali wangeacha ile desturi ya kumvuta majeruhi kwa mikono na miguu na kumkunja ndani ya kiti cha nyuma cha teksi. Kama gari haliwaki moto na hakuna hatari nyingine, majeruhi analalamikia mgongo au shingo na anapumua, aachwe amelala hivyo hivyo hadi apatikane ubao, na ainuliwe na watu wanne au watano kwa pamoja, mwili umenyooka kama gogo. Pingili iliyovunjika lakini haijasogea yaweza kusogezwa na huruma ya wapita njia.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana nyumba yako imegeuka mahakama. Mwishoni mwa barua unasema ile picha ya kifua ya siku ya ajali mliihifadhi, iko chini ya godoro. Hiyo ndiyo shahidi wenu. Picha ya kifua huonyesha pia pingili za sehemu hiyo. Aliyeisoma siku ile ya Pasaka alikuwa akitafuta mbavu zilizovunjika na mapafu yaliyotoboka. Hakuwa na sababu ya kupima mgongo. Mpelekee daktari wa mifupa picha zote mbili, umwombe aipime ya Aprili kama alivyoipima ya Agosti. Iwapo ya Aprili ina pindo, hata la digrii 15 au 20 pamoja na kujisokota, basi pindo hilo lilikuwapo saa ya ajali, kwani mifupa haijisokoti hivyo kwa saa mbili za njiani kwenda hospitalini. Ongezeko la hapa katikati si ajabu. Msichana anayerefuka kwa kasi, pindo lake laweza kuongezeka digrii moja au zaidi kwa mwezi. Kama mna picha ya zamani zaidi, labda aliyopigwa alipougua nimonia, nayo itoeni.

Na je, kama picha ya Aprili imenyooka kabisa? Hapo nitakubali kwamba swali lingali wazi, na daktari atataka kuzipiga picha pingili zote, mtoto akiwa amesimama, na pengine kuchunguza mishipa ya fahamu kwa mashine ya sumaku. Hata hivyo, pindo refu lililojisokota, bila pingili iliyosagika wala mguu uliodhoofu, silioni likitoka katika ajali hiyo.

Nilisema msingoje. Unaandika kwamba binti yako alivunja ungo Juni. Kwa kawaida msichana huendelea kurefuka kwa muda wa kama miaka miwili baada ya hedhi ya kwanza, kisha mifupa hufunga. Muda huo ndio mlio nao. Pindo la kati ya digrii 25 na 40, kwa mtoto ambaye bado anakua, ndilo linalotibiwa kwa bresi, yaani fulana ngumu ya plastiki inayochongwa kwa umbo la mwili wake na kuvaliwa chini ya nguo. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kuwa, kati ya kila vijana 100 waliovaa bresi, 72 walimaliza kukua kabla pindo kufika digrii 50, ambako mara nyingi upasuaji huzungumziwa. Wale walioangaliwa tu bila bresi walikuwa 48. Waliovaa kwa saa 13 au zaidi kwa siku, zaidi ya 90 katika 100 walifaulu. Sitakuficha kwamba bresi hainyooshi mgongo uliokwisha kupinda. Huuzuia usiendelee, na huo ndio ushindi wenyewe. Tena yaudhi: ina joto, hubana, na msichana wa miaka 13 huona haya mbele ya wenzake. Mwalimu wake wa darasa aelezwe mapema, ili asije akamwambia avue "lile gamba" mbele ya darasa zima.

Mtoto akishamaliza kukua, plastiki haina kazi. Pindo likivuka digrii 50 huelekea kuongezeka polepole hata ukubwani, na linalobaki kuzungumzwa ni vyuma na kisu. Kesi za ajali katika mahakama zetu nazo huweza kuvuta miaka.

Kuhusu jamaa yenu wa kwa wakili, amekosea hata kwa hesabu za kortini. Hakimu hahitaji kuuona mgongo wa mtoto, huona picha na ripoti ya daktari, na picha haiozi. Isitoshe, sheria humtaka anayedai fidia afanye juhudi ya kupunguza madhara yake, na upande wa pili utafurahi sana kuuliza kwa nini mtoto hakutibiwa. Daini maumivu ya binti yenu ya wakati ule, kidonda cha baba, kifundo chako na gari. Kama daktari ataona kwamba ajali ilimzidishia maumivu mtoto aliyekuwa na pindo tayari, hilo nalo lina nafasi yake mahakamani, kwani aliyemdhuru mtu humchukua jinsi alivyomkuta. Lakini kumwomba daktari aandike kwamba ajali ndiyo iliyopinda mgongo, huku picha ya Aprili ikisema vingine, ni kumtaka aseme uongo.

Binti yako atembee, aruke, aogelee, achukue maji. Michezo haiongezi pindo. Ataolewa akitaka, atazaa, na wengi wenye mapindo ya kadiri huishi hadi uzeeni wakifanya kazi kama watu wengine, ijapokuwa mgongo huwauma mara nyingi zaidi.

Na mume wako, mwombe ndiye ampeleke binti kliniki siku hiyo. Mimi nikiwa yeye ningependa kuwapo chumbani daktari anapoiinua picha ya Aprili kwenye mwanga na kuweka rula juu yake. Itoeni chini ya godoro leo, mwifute vumbi kwa kitambaa kikavu, msiikunje.

Barua mbili kuhusu watoto wanaokojoa kitandani, moja kutoka Kisumu na nyingine kutoka Mombasa, nitazijibu Jumapili ijayo.